Nafasi Haikai Tupu

Twyla Sundvall hakuwa mtu wa kuota mchana. Alikuwa mjane, dereva wa basi la shule mjini Duluth, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini kama uji wa mgonjwa. Mbwa wa miguu mitatu, alimwokota yeye. Kasuku aliyenyonyoka, yeye. Mdogo wake, Corrine, alizoea kumtania kwamba ile si nyumba tena, ni wodi. Aliyenisimulia habari hii ni Corrine huyo huyo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mpaka leo akifika katikati hushusha sauti.

Jumamosi ile ya Februari ilianza vizuri. Ndugu hao wawili wakanywa kahawa, wakala samaki wa moshi, wakatoka kwenda kununua chakula cha kasuku. Duka walilolizoea lilikuwa limefurika watu, kwa hiyo Twyla akaingia la pili yake, dogo, lenye jina la Haskell kwenye kioo. Corrine akabaki garini, injini ikiunguruma, maana baridi ilikuwa ya kukata masikio.

Ndani kulikuwa na joto. Joto la majimaji, kama pumzi ya mtu aliyekusogelea shingoni.

Nyuma kabisa, chini ya taa, kulikuwa na tangi la kioo, na ndani ya tangi chura mkubwa kama ngumi. Ngozi ilikuwa ikimbanduka vipande vipande. Tumbo limeiva wekundu, jicho moja limeingia ukungu. Maji hakuna, kisahani kikavu tu na panzi mfu.

"Huyu anaumwa," Twyla akasema.

Mwenye duka, Haskell mwenyewe, akatokea ubavuni pake bila mlio wa hatua. Mzee msafi, shati limepigwa pasi, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Anaumwa kweli, mama," akaitikia, kama mtu anayesifiwa. "Mchukue. Sitaki hata senti. Sema tu kwa kinywa chako: namchukua."

Twyla alikulia shambani. Cha bure alikiogopa. Akasogea kando, akampigia simu mdogo wake.

"Kuna chura humu anakufa," akanong'ona.

"Aa, dada, usianze! Njoo twende."

"Ananitazama."

"Hata mimi ningekutazama, umemzibia taa. Sikiliza. Ukichukua mgonjwa unawazoesha ubaya. Leo unamtoa huyo, Jumatatu wanaweka mwingine. Unaokoa mmoja, unazika wa pili. Toka huko."

Maneno yalikuwa ya kweli. Twyla akarudi kwenye tangi, akainama amuage chura. Chura akanyanyua mkono, akauweka kwenye kioo.

Utotoni Twyla alikuwa akishika vyura mitaroni kila kiangazi. Mkono wa chura una vidole vinne. Huu ulikuwa na vitano. Na kidole cha pete kilikuwa na mviringo mweupe, mwembamba, kama wa mtu aliyevua pete ya ndoa juzi tu.

Akageuka. Akauendea mlango upesi. Akasukuma. Akavuta. Haukutikisika.

Kioo cha mlango kilikuwa kimetoka jasho. Akakifuta kwa kiganja. Corrine alikuwa ameshuka garini, anakuja. Akafika. Akazungushia macho viganja vyake, akachungulia ndani, pua kwa pua na dada yake. Twyla akagonga. Akagonga kwa ngumi.

Corrine hakupepesa.

Simu ikalia.

"Dada, umeingia wapi wewe?"

"Niko mbele yako! Corrine! Mbele yako hapa!"

"Mbele yangu wapi? Hapa pamefungwa. Giza tupu, na kufuli limeota kutu. Acha mchezo bwana, naganda mwenzio."

Simu ikakatika. Nyuma yake maji yakadondoka sakafuni. Tone. Tone.

"Mlango haufunguki mpaka mteja aamue," Haskell akanong'ona. "Ukimwacha, unatoka sasa hivi, naye jioni haimkuti. Ukimchukua, anatoka yeye. Ila nafasi haikai tupu, mama."

"Maana yake nini?"

"Si mdogo wako kakwambia? Wanaweka mwingine."

Twyla akamnyooshea chura kidole. "Huyu alikuja kununua nini?"

"Chakula cha samaki."

Hewa ikazidi kuwa nzito. Ngozi ya mikono ikaanza kumvuta, kavu, inaomba maji. Nje, kupitia kipande kile alichokifuta, alimwona Corrine akirudi garini, kichwa chini. Kuta zilikuwa zimesogea. Au macho yake. Kumwacha yule kiumbe kulikuwa rahisi. Neno moja tu. Akafungua kinywa alitamke. Chura akafumba jicho lake zima, taratibu, kama mtu aliyezoea kuachwa.

Neno likamkwama.

"Nafasi haikai tupu," Twyla akasema.

"Haikai."

"Basi namchukua."

Haskell akatabasamu, akafunua mfuniko. Lakini Twyla hakutia mkono ndani. Alilikumbatia tangi zima, kioo na mchanga na chura wake, akaling'oa kwenye rafu, waya za taa zikichomoka.

"Na nafasi yake naichukua."

Tabasamu likabaki usoni pa mzee. Macho ndiyo yaliyoondoka.

"Hiyo haijawahi kutokea," akanong'ona. "Irudishe. Mama, irudishe. Mimi nitakaa wapi?"

Twyla akaupiga mlango bega.

Corrine anaapa kwamba dada yake hakutokea mlangoni. Alitokea upande wa ukuta, penye matofali matupu, nywele zimelowa na tayari zinaganda, amekumbatia tangi. Corrine akatia gia.

Daktari wa wanyama, mwanamama aitwaye Pelto, alimwogesha chura dawa. Aliutazama ule mkono muda mrefu. Akavua glavu, akanawa, akanawa tena. "Usimwache peke yake," akasema.

Chura akapona. Ngozi ikarudi, jicho likatakata. Corrine alimsihi dada yake akamtupe ziwani. Twyla akamwambia mgonjwa hafukuzwi.

Mchana mmoja wa Machi alirudi kutoka kazini, akakuta mfuniko uko chini. Kuanzia mezani hadi mlangoni kulikuwa na nyayo za maji. Nyayo za mwanamke, ndogo, peku. Koti la marehemu mumewe halikuwepo msumarini. Nje, nyayo zilivuka theluji ya uani zikaishia barabarani, ambako gari la jiji lilikwisha kuzoa theluji.

"Kaenda kwao," Twyla akasema, akalia kwa furaha.

Kisha akageuka akalitazama tangi. Tupu.

Corrine alikuja na nyundo jioni ileile, kabla jua halijazama. Wakalivunjia uani, wakazoa vigae vyote, wakavitupa mbali. Wakadhani yamekwisha.

Aprili theluji ikayeyuka mji mzima. Majani yakachipua. Uani kwa Twyla palibaki kipande kimoja, pale pale penye nyundo: barafu ngumu, ya pembe nne, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Mei ikaja, watoto wakatoa baiskeli. Kipande kipo. Wala si ukubwa wa tangi. Ni urefu wa mtu mzima aliyelala chali.

Twyla hahami. Safari hataki, hata kwa Corrine halali tena. Ukimuuliza, anajibu kwamba lazima awepo wa kutazama. Kiti chake kiko dirishani jikoni, nacho hakiondoki.

Juni Corrine alinipeleka nikaone. Jua lilikuwa kali, mimi nimevaa fulana tu. Barafu ile ilikuwa kavu juu, haina hata tone. Katikati palikuwa na tundu dogo la mviringo, kingo zake zimelainika.

Corrine akanibana mkono. "Usiseme neno lolote," akaninong'oneza. "Hasa lile la kuchukua."

Tukainama kutazama.

Kwenye tundu ukatoka mvuke, kama pumzi. Ukakoma. Ukatoka tena.