Tunajimudu, Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, Eulalie alikaanga maandazi kando ya barabara ya Tamdja, mjini Bafoussam, badala ya mama yake. Mimi naziba matairi jirani tu na hapo. Mama yake alikuwa mbali, mjini Bertoua, akimuuguza bibi yao. Baba ni dereva wa lori. Nyumbani hupita kama mgeni. Eulalie alibaki na mdogo wake, Nadège.

"Vipi, binti?" nilimuuliza.

"On se débrouille, mjomba."

Yaani tunajimudu. Ndivyo tunavyojibu hapa kwetu. Ukisema mambo ni mazuri, watu wanakuonea kijicho. Ukisema ni mabaya, unaitwa mlalamishi. Hata mwenye njaa hujibu hivyo hivyo.

Jumapili mama yake alipiga kwenye simu yangu. Eulalie aliibana sikioni kama anayetaka kuingia ndani yake.

"Mnaendeleaje, mwanangu?"

"Tunajimudu, mama."

"Hongera. Basi nitakaa na bibi mwezi mmoja zaidi."

Alinirudishia simu, akajifunika kitenge cha mama yake hadi puani. Kilikuwa bado kinanukia moshi na mafuta ya mawese.

Siku moja nilimkuta amevaa sweta jua likiwaka, tena mbele ya moto. Nilipomshika mkono nimpokee beseni, alipiga yowe. Nikapandisha mkono wa sweta. Ameungua, kidonda kina usaha, na juu yake amepaka dawa ya meno.

"Mafuta yalinirukia wiki iliyopita," alisema.

"Na ukanyamaza? Dawa ya meno ni ya meno!"

"Ningesema, mama angemwacha bibi."

Nilifunga kazi, nikampeleka zahanati. Muuguzi alikisafisha kidonda, akatoa dawa, akatukaripia sote wawili. Tulipotoka nilimpigia mama yake, nikampa Eulalie simu.

"Mnaendeleaje?"

"Tuna..." Alinitazama. Machozi yakamtoka. "Nimeungua, mama. Nadège analala akikulilia. Mimi pia. Rudi."

Kisha mama akasema, "Kila Jumapili nilingoja uniambie hivyo. Nikadhani mmeshazoea kukaa bila mimi."

Alhamisi basi la kutoka Bertoua lilifika. Bibi alishuka kwanza, akishikiliwa, akilaani viti vya basi. Nyuma yake mama. Eulalie alikimbia, akamng'ang'ania kiunoni, hakuachia mpaka mizigo yote ikashushwa.

"Sikiliza, Eulalie," nilimwambia. "Kujimudu ni jambo jema, na wewe umefanya kazi ya mtu mzima. Lakini jibu hilo ni la wapita njia. Mama yako mwambie ukweli, maana asiyejua unaumia hawezi kuja."

Asubuhi iliyofuata nilimuuliza kama kawaida, "Vipi, binti?"

"Mkono bado unauma, mjomba," alijibu, ameketi, mikono yake ikiwa mapajani. "Lakini leo mama ndiye anayekaanga."