Mwalimu wa Sezim Yuko Kwenye Simu

Kila asubuhi Nurzada hukamua ng'ombe, kisha huteleka chai. Binti yake Sezim, wa miaka minne, hukaa karibu na jiko akimtazama. Sezim hasikii tangu azaliwe. Akitaka kitu hulia, na mama yake hubahatisha. Anataka maziwa? Tumbo linauma? Siku nyingine huishia kulia wote wawili. Roho inakuuma ukiwaona.

Mimi ni Kanykei, jirani yao. Natunza maktaba ya kijiji. Siku moja niliona tangazo kwamba mwalimu wa watoto viziwi aliye Bishkek, mji mkuu, atafundisha wazazi lugha ya ishara kwa semina ya mtandaoni, bure. Nikatoka mbio hadi kwa Nurzada.

"Bishkek ni mbali, dada," alisema.

"Huendi popote. Mwalimu atakuja kwenye simu yako. Nakutumia linki. Ukiibonyeza, umeingia."

Nikataka kuendelea kumweleza, lakini mama mkwe wake, Bibi Burulcha, alishasikia la kutosha. Mwalimu anakuja! Akatandika kitambaa, akapanga mkate, siagi na vijimaandazi. Simu akaiegemeza mbali na mlango, pale anapokaa mgeni wa heshima.

Semina ilipoanza, bibi akaiinamia simu. "Hamjambo huko? Watoto wazima? Ng'ombe je? Theluji imewafikia?"

Mwalimu alikuwa anafundisha. Bibi akadhani hajasikia, akasalimu tena kwa kelele. Mara maandishi yakatokea kwamba maiki yao imezimwa.

"Ametunyamazisha!" bibi aling'aka. "Ndani ya nyumba yangu, mbele ya mkate wangu!" Akaifunika simu kwa mto.

Nurzada hakuthubutu kumbishia. Kesho yake alikuja maktaba, macho mekundu. "Dada, basi tena. Mama amekasirika. Na mwanangu nitamwelewa lini?"

Nikaenda kwao. Nilikunywa chai kwanza, maana kwa Bibi Burulcha huanzi mazungumzo na koo kavu.

"Bibi, mle kwenye semina mlikuwa na watu wengi," nikamwambia. "Huku mbwa anabweka, kule mtoto analia. Wote wakifungua maiki, nani atamsikia mwalimu? Kila mtu huzima yake. Si dharau."

"Na salamu?"

"Unaziandika hapa chini. Ukiwa na swali, bonyeza alama hii ya mkono. Mwalimu akikuita, fungua maiki useme, ukimaliza uizime."

"Mkate wangu aliuona?"

"Kamera ilikuwa wazi, bibi. Aliuona akameza mate."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, niitieni huyo mwalimu wenu."

Semina ya pili tulijiandaa. Nurzada alichaji simu, akanunua bando, akaingia mapema kujaribu sauti. Bibi aliandika salamu kwa kidole kimoja. Somo lilianza yeye bado anaandika swali la ng'ombe.

Nurzada akabonyeza alama ya mkono. Mwalimu akamwita. Akafungua maiki.

"Mwalimu, mwanangu ana miaka minne. Nimechelewa?"

"Hujachelewa, mama. Anza leo. Kaa mbele yake auone uso wako. Mwonyeshe kitu, kisha ishara yake. Rudia kila siku, na nyumba nzima ijifunze."

Wakajifunza maji, mkate, maziwa. Walirudia kila mlo, bibi naye akikosea na kujicheka.

Asubuhi moja Sezim alimfuata mama yake zizini. Hakulia. Aliinua mkono akafanya ishara ya maziwa. Nurzada akamkumbatia, akampa kikombe. Mtoto akanywa. Kisha akamgusa mama yake kifuani, akamtazama mikono, akasubiri ishara.

Ishara hiyo walikuwa hawajafundishwa.

Semina iliyofuata, mkono wa kwanza ulikuwa wake. "Mwalimu, nifundishe ishara ya mama. Mtoto wangu ananiuliza mimi ni nani."

Jioni ile ile Sezim alimwita mama yake kwa mara ya kwanza.