Jiwe Lililovishwa Kitenge

Kwenye kiti cha mbele cha Toyota ambayo dereva Maneno alibebea samaki palikuwa na jiwe, limevishwa kitenge cha kike na kufungwa mkanda kama abiria. Mke wake Tausi alilikuta asubuhi, akitaka kufagia magamba ya samaki. Akanusa ile nguo. Ilinukia marashi, na yeye marashi aliyasahau tangu kazi zilipokufa mtaani kwao Panda.

"Hii kitenge ni ya nani?"

"Ya jiwe," Maneno akasema chini chini. "Njia ya mulima, kwenye makorongo, kuko jini mwanamuke. Akiona kiti iko wazi, anapanda. Madereva wote tunaweka jiwe, tunaipaka marashi, anazani ni bibi ya dereva."

"Jiwe njo bibi yako. Na minye?" Tausi akajigusa kifua.

"Weye iko hapa nyumbani."

"Basi kesho minye njo nitakaa pale."

Wivu ukishaingia, hata sala inapita juu ya ulimi tu. Usiku ule Tausi alisujudu akiwawaza wanawake wauza samaki wa ziwa Tshangalele, ambako Maneno alikwenda kupakia.

Kesho yake Maneno alilitupia jiwe nyuma, kati ya vikapu. "Ukikaa weye, jiwe haina kazi," alimwambia. "Lakini kule juu usishuke."

Wakaenda salama. Kule ziwani muuza samaki mmoja, Blandine, alichungulia dirishani akacheka: "Ee Maneno, leo jiwe yako iko na macho." Maneno naye akacheka. Tausi hakucheka.

Wakati wa kurudi gari lilichemka mlimani, pale pale ambapo zamani wazungu walikuwa wakija Jumapili kutazama korongo. Vyuma vya kuzuia watu ukingoni vilikuwa vimeshang'olewa na wenyeji, wakauza. Maneno alifungua boneti, akaanza kumimina maji, huku akipiga mluzi.

"Unamupigia nani mluzi? Blandine?"

"Napigia radiateur. Kaa, Tausi, nakuomba."

Tausi alishuka. Alilichukua jiwe, kitenge na yote, akalirusha korongoni, akasimama kungoja mlio wa kuanguka kwake. Mlio haukuja. Ilikuja harufu ya marashi na mawe yaliyolowa, ikipanda kutoka chini, ikampita shavuni kama pumzi ya mtu mwenye haraka, na nyuma yake mlango wa gari ukafungwa polepole, na boneti ikashushwa, na alipogeuka alimwona mwanamke mwenye uso wake na kilemba chake amekaa mahali pake, mkono begani mwa Maneno, na Maneno akimchekea kwa namna ambayo hakuwahi kumchekea Tausi tangu arusi, na gari likateremka, naye akakimbia akiliita jina la mume wake, na korongo likamrudishia jina hilo kwa sauti isiyo yake.

Alifika Panda siku ya pili, baada ya alasiri, miguu imevimba. Akabisha kwake mwenyewe. Maneno akafungua.

"Maneno, ni minye."

"Mama, ulipotea?" Alimwangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgeni.

"Ni minye, Tausi. Bibi yako."

Kutoka ndani akaja yule mwingine, mikono ina unga. Alisogea, akainama, akanusa bega la Tausi taratibu. Kisha akamgeukia Maneno, na macho yake yalikuwa na wivu ule ule.

"Huyu ananukia marashi," akasema chini chini. "Ni wa nani?"

Maneno akaapa mbele ya Mungu kwamba hamjui. Na mwanaume yule hakuwa anasema uongo.