Maji ya Yunisi

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita pale shule ya Gungu walibeba maji ya kujengea darasa jipya. Yunisi hakuwa mtu wa pupa. Alitua ndoo, akaitazama kazi kwanza, ndipo akamwaga kwenye pipa.

Siku hiyo zege la lenta, ule mkanda wa juu unaofunga kuta, lilisubiri maji tu. Yunisi akapanda jukwaa, akachungulia ndani ya mbao za kumwagia zege. Kwenye kona, nondo zilikuwa zimekatwa. Hazikupinda kwenda kushikana na nondo za ukuta wa pili, kama mhandisi Christina, msimamizi wa ujenzi, alivyowaonyesha mafundi.

"Shikamoo, fundi. Mbona hizi hazishikani?"

Fundi Gasper akacheka. "Marahaba, injinia wa ndoo! Zege litazishika. Mwaga maji."

"Simwagi."

"We Yunisi, unatuchelewesha!" Elia, mwanafunzi mwenzake, akafoka.

Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akaja mbio. "Jumamosi wageni wanakuja kuliona darasa, wewe unamfundisha fundi kazi? Mwaga!"

Yunisi akaikumbatia ndoo. "Mzee wangu, mwezi uliopita ardhi ilipotikisika, vyombo vya mama vilianguka kabatini. Humu atasomea mdogo wangu. Niadhibu, lakini maji yangu hayaingii."

Elia akamtazama. Polepole akaitua ndoo yake kando ya ile ya Yunisi. Wengine wakafuata. Mabeleshi yakasimama.

Bodaboda ikafika, mhandisi Christina akashuka. Alipanda, akaangalia kona, akazigusa nondo zilizokatwa.

"Fundi, nani karuhusu hivi?"

"Nondo zilipungua. Na wewe tangu Jumatatu hatujakuona."

"Kweli. Kosa la kwanza ni langu. Lakini lenta hii haimwagwi leo, na saini yangu hamuipati."

"Na wageni?" Mzee Mwinshehe akauliza.

"Watakuta kazi imechelewa, Mzee. Bora aibu kuliko msiba."

Ijumaa nondo za kona zote nne zilikuwa zimepinda, zimefungwa kwa waya.

"Injinia wa ndoo, umeridhika?" Gasper akatania.

"Ngoja nizikague, fundi." Akazizunguka zote, ndipo akamwaga.

Mhandisi Christina akawageukia wanafunzi. "Tetemeko hatuwezi kulizuia. Jengo kuwaangukia watu, hilo tunaweza. Ndiyo kazi tuliyosomeshwa kwa kodi za wazazi wenu. Mkituona tunazembea, tuulizeni. Tukikasirika, ulizeni tena."