Gawio Lililouzwa Pamoja na Hisa

Kila Jumatatu na kila Alhamisi, Bathsheba Kemunto huingia shambani mapema akiwa na kikapu mgongoni. Shamba lake na mumewe, Nehemiah Ratemo, liko Sironga, si mbali na mji wa Nyamira. Upande wa juu kuna chai, na upande wa chini kuna migomba. Bathsheba huchuma majani mawili na chipukizi lake, huyatupa kikapuni juu ya bega, kisha husogea mbele. Amefanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na minne. Hahitaji kuyatazama sana majani hayo. Vidole vyake vinayajua.

Labda ndiyo sababu hakuna aliyegundua mapema kwamba macho yake yalikuwa yakififia.

Aliyegundua kwanza ni karani wa kituo cha kununulia chai. Siku moja ya Februari alimpa Bathsheba risiti ya kilo zake. Bathsheba alinyoosha mkono pembeni, akashika hewa.

"Mama Cynthia, risiti iko huku," karani alisema.

"Wewe ndiye unayeihamisha," Bathsheba alijibu. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nehemiah naye alicheka.

Wiki iliyofuata walikwenda kwenye hospitali ya misheni. Daktari alimulika macho ya Bathsheba, moja baada ya jingine.

"Mama, una mtoto wa jicho pande zote mbili," alisema. "Jicho la kulia bado lina nafasi. Kwenye la kushoto, mtoto wa jicho amekomaa. Tunapaswa kulifanyia upasuaji jicho hilo kwanza."

"Tukichelewa?" Nehemiah aliuliza.

"Presha ndani ya jicho inaweza kupanda. Ikipanda, jicho huharibika, na hapo hata upasuaji hauwezi kulirudisha. Mwaka huu usiishe, mzee."

Bima ya afya ingelipa sehemu ya gharama. Sehemu iliyobaki, shilingi elfu ishirini na tano, wangelipa wenyewe. Nehemiah hakushtuka.

"Pesa hiyo itakuja Julai," alimwambia mkewe walipotoka. "Tutalipa kwa gawio la stima."

Nehemiah alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Miaka sita iliyopita, bonasi ya chai, yaani malipo ya ziada ambayo kiwanda huwapa wakulima kila Oktoba, ilikuwa nzuri. Afisa wa chama cha akiba na mikopo cha Kebirigo, Jacinta Nyaboke, aliwaeleza wanachama kuhusu hisa. Hisa ni sehemu ndogo ya umiliki wa kampuni. Anayenunua hisa ni mmoja wa wenye kampuni. Kampuni ikipata faida, inaweza kuwagawia wenye hisa sehemu ya faida hiyo. Sehemu hiyo huitwa gawio.

Bathsheba ndiye aliyemshawishi mumewe. Walinunua hisa kidogo kidogo katika kampuni iitwayo Nuru ya Ardhi, ambayo huzalisha umeme kwa mvuke wa chini ya ardhi na kwa maji ya mito. Baada ya miaka mitatu walikuwa na hisa elfu thelathini, kila moja kwa shilingi tatu hivi. Nusu ya pesa ilitoka kwenye bonasi. Nusu nyingine ilitoka kwenye ndizi ambazo Bathsheba aliuza sokoni Kebirigo. Hata hivyo, akaunti ya hisa ilifunguliwa kwa jina la Nehemiah peke yake. Hakuna aliyefikiri kwamba jambo hilo lina uzito.

Jirani yao Ondieki alilifanya mzaha.

"Stima imepotea tangu jana," alikuwa akisema kwenye kituo cha chai. "Mwulizeni Nehemiah. Kampuni ni yake."

"Lipa bili yako kwanza," Nehemiah alikuwa akimjibu.

Mwezi wa Aprili bei ya hisa za Nuru ya Ardhi ilipanda hadi shilingi tano. Nehemiah aliisikia habari hiyo redioni. Wakati huohuo, mtu mmoja wa Masimba alikuwa akiuza ng'ombe wa maziwa, mwenye mimba changa, kwa shilingi laki moja na elfu arobaini. Nehemiah alikuwa ametamani ng'ombe kama huyo kwa muda mrefu.

Aliwaza hivi. Mwaka wa kampuni ulikuwa umeisha Desemba. Yeye alikuwa na hisa zake tangu Januari hadi Desemba. Basi gawio la mwaka huo lilikuwa lake tayari, hata akiuza hisa leo. Kwenye chai mambo ni hivyo. Ndugu yake Abner aliwahi kukodisha shamba lake lote mwezi wa Agosti. Oktoba ilipofika, alilipwa bonasi yake yote, kwa sababu kilo alikuwa amekwisha kuzipeleka. Kiwanda hulipa kilo zilizopelekwa. Nehemiah aliamini kwamba kampuni ya stima nayo hulipa vivyo hivyo. Angepata ng'ombe, na Julai angepata gawio la kulipia jicho.

Alikwenda Kisii mjini, katika ofisi ya dalali wa hisa. Binti aliyemhudumia alisoma fomu yake, akanyanyua uso.

"Mzee, hungependa kungoja kidogo? Daftari la wanahisa linafungwa tarehe kumi na saba Mei."

Nehemiah hakujua maana ya maneno hayo. Nyuma yake walisimama wanaume wawili waliovaa tai. Aliona aibu kuuliza mbele yao.

"Nalijua hilo," alisema. "Wewe endelea."

Siku chache baadaye ng'ombe aliingia uani. Bathsheba alimpapasa mgongo, akauliza, "Na pesa?"

"Nimeuza hisa. Kwa faida."

"Zote?"

"Zote. Usiwe na wasiwasi, Mama Cynthia. Gawio la mwaka jana bado linakuja."

Bathsheba aliondoa mkono wake mgongoni mwa ng'ombe. Kisha akasema, "Ungeniuliza."

Julai ilikuja, ikaisha. Simu ya Nehemiah haikuleta ujumbe wowote kutoka benki. Wiki ya pili ya Agosti, yeye na mkewe walikwenda Kebirigo kumwona Jacinta. Nehemiah alianza kulalamika hata kabla ya kuketi.

"Kampuni imetunyima pesa yetu."

Jacinta alimwomba aeleze tangu mwanzo. Alipofika kwenye tarehe ya kuuza, Jacinta aliweka kalamu chini.

"Baba Cynthia, kwenye chai hulipwa nani?"

"Aliyepeleka majani."

"Kwenye hisa sivyo. Kampuni hutangaza siku ya kufunga daftari la wanahisa. Siku hiyo huangalia ni majina ya nani yamo daftarini. Walio ndani hulipwa gawio. Aliyetoka kabla ya siku hiyo halipwi, hata kama alikaa na hisa miaka kumi."

"Na aliyenunua wiki iliyotangulia?"

"Hulipwa, mradi jina lake limeingia. Kuingia huchukua siku chache za kazi, kwa hiyo hata mnunuzi huwa hangoji siku ya mwisho."

"Basi mtu asiyejulikana amekula pesa yetu," Nehemiah alisema.

"Hajakula. Ameinunua. Mbona bei ilipanda hadi shilingi tano? Sababu moja ni kwamba wanunuzi walijua gawio liko karibu. Walikulipa hilo ndani ya bei. Daftari lilipofungwa, bei ilishuka. Gawio lako uliliuza pamoja na hisa."

Nehemiah alikunja na kukunjua kofia yake. Bathsheba ndiye aliyezungumza.

"Kwa hiyo pesa ya jicho langu imo ndani ya ng'ombe."

"Ndiyo, mama," Jacinta alijibu polepole. "Na kuna jambo jingine, ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kuwaambia mapema zaidi. Kampuni ya stima huuza kila siku, na mvuke wa ardhini haununuliwi kama dizeli. Ndiyo maana kampuni nyingi za namna hii hugawa faida mara kwa mara. Lakini gawio si mshahara. Mito ikipungua, au kampuni ikijenga mitambo mipya, wakurugenzi wanaweza kugawa kidogo au wasigawe kabisa. Mnakumbuka mwaka wenu wa pili?"

"Hatukupata hata senti," Bathsheba alisema.

"Naam. Bei pia huweza kushuka, na mtu akapoteza sehemu ya pesa aliyoweka. Kwa hiyo pesa ya matibabu haipaswi kungoja gawio. Pesa ya matibabu hukaa katika akiba, mahali unapoweza kuitoa leo. Hisa ni za pesa ambayo unaweza kuiacha kwa miaka."

Kisha akamtazama Nehemiah. "Mnaweza kumuuza ng'ombe."

Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alikuja jioni ya Jumapili. Alimzunguka ng'ombe mara mbili, akataja shilingi elfu tisini. Nehemiah alikataa.

"Nimemnunua kwa laki moja na arobaini," alimwambia mkewe. "Tungoje azae Novemba. Akiwa na maziwa, atapata bei nzuri."

"Na bonasi ya Oktoba?"

"Bonasi pia ipo."

Bathsheba hakubishana. Bonasi ya Oktoba ilikuwa ndogo, nayo ikaenda yote kwenye chuo cha ualimu cha Cynthia, binti yao. Novemba ng'ombe alizaa, na maziwa yakaanza kutoka. Nehemiah alisema wangoje maziwa yaongezeke. Desemba Cynthia alihitimu. Bathsheba aliketi kwenye safu ya tatu. Jina lilipoitwa, alipiga vigelegele pamoja na wengine, kisha akamgusa mumewe mkono.

"Niambie amevaaje," alisema.

Nehemiah alimwambia.

Januari jicho la kushoto lilianza kuuma. Lilikuwa jekundu, na maumivu yalipanda hadi kichwani. Bathsheba alitapika kutwa nzima. Nehemiah hakungoja bei tena. Asubuhi iliyofuata alimuuza ng'ombe na ndama wake kwa laki moja na elfu kumi, akampeleka mkewe hospitalini.

Daktari alikuwa yuleyule. Alipima, akapima tena.

"Presha imepanda," alisema. "Mngekuja kabla ya mwaka kuisha, kama nilivyowaambia, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nitafanya ninachoweza."

Alilitibu jicho la kushoto ili maumivu yakome. Mwezi uliofuata alilifanyia upasuaji jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, Bathsheba aliweza kusoma tarakimu za kalenda iliyokuwa ukutani. Daktari akaliziba jicho la kulia, akamwuliza anaona nini kwa la kushoto.

"Naona dirisha lilipo," alisema. "Zaidi ya hapo, hapana."

Nehemiah alitoka nje. Bathsheba alimwacha asimame huko kwa muda, kisha akamwita waende nyumbani.

Mwezi wa Aprili walirudi kwa Jacinta pamoja. Walifungua akaunti ya hisa kwa majina yao yote mawili, ili mmoja asiweze kuuza bila saini ya mwenzake. Kabla ya kununua chochote, waliweka shilingi elfu thelathini katika akiba ya chama, kwa ajili ya ugonjwa peke yake. Kwa pesa iliyobaki kutoka kwa ng'ombe, walinunua tena hisa za Nuru ya Ardhi. Zamani walikuwa na hisa elfu thelathini. Sasa walipata elfu kumi tu. Jacinta alipowasomea taarifa ya kampuni, Nehemiah aliuliza swali baada ya swali. Aliuliza faida ni kiasi gani, deni ni kiasi gani, na daftari linafungwa lini. Aliuliza hata mambo ambayo wanachama wengine waliokuwa ofisini walikuwa wanayajua, na mtu mmoja akacheka.

"Cheka," Nehemiah alimwambia. "Mimi nimeshalipia kutouliza."

Julai hiyo gawio lilifika, likiwa limeshakatwa kodi. Lilikuwa dogo. Walikubaliana kuliongeza kwenye akiba.

Siku hizi kwenye kituo cha chai, wakati wakisubiri lori, Nehemiah huwaeleza wakulima wenzake tofauti ya bonasi na gawio. Ondieki naye amenunua hisa mia tano, na sasa hulalamika kwa sauti stima inapopotea.

"Wewe sasa ni mwenzangu," Nehemiah humwambia. "Jilaumu."

Huwaeleza yote, pamoja na siku aliyoona aibu kuuliza, na siku aliyoikataa bei ya mchuuzi. Wakimwuliza kama mambo yametengenea, husema ndiyo, yametengenea.

Kisha majani yakishapimwa, hurudi nyumbani na mkewe. Njia ni nyembamba, na chai imekua pande zote mbili. Nehemiah hushika upande wa kushoto, ule ambao Bathsheba haoni, na huzungumza njia nzima ili mkewe ajue kwamba yuko.