Mwanamke Aliyesikika Bondeni

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi ya Jumapili, waendesha baiskeli watano waliokuwa wakiteremka kuelekea mtoni walimkuta mlinzi wa pampu ya maji amesimama katikati ya barabara ya vumbi, mikono juu, shati limelowa damu. Aliwaambia kuna mzee ameanguka darajani. Daraja lenyewe halikuwepo. Mafuriko yalikuwa yamelibeba wiki tatu nyuma, zikabaki nguzo mbili tu. Chini yake, juu ya mawe, alikuwa amelala mwenzao Mwalimu, mstaafu wa jiografia na mkubwa wao kwa umri, ameshakata roho. Baiskeli ilikuwa pembeni yake. Simu yake haikuonekana.

Kufikia saa nne mlinzi alikuwa mahabusu.

Jalada alipewa Inspekta, mama wa miaka hamsini na mitatu, mzito wa miguu na mwepesi wa maswali, ambaye baiskeli aliiona kama njia ya kujitafutia kuvunjika nyonga. Mkuu wake alimwambia kesi imejimaliza yenyewe. Damu ipo, simu imepotea, mtuhumiwa amekutwa hapo hapo, basi Jumatano asubuhi apande kizimbani. Mke wa mlinzi alikuwa tayari ameketi kwenye benchi la kituo, tumbo la miezi minane mapajani, na alionekana hana mpango wa kuondoka bila mumewe. Inspekta alimpita mara tatu siku hiyo, na kila mara alimwonea huruma zaidi.

Mlinzi mwenyewe hakujisaidia. Damu, alisema, ilimpata alipomwinua mzee kichwa akidhani bado ana uhai. Na kilichomtoa kwenye kibanda cha pampu ni sauti ya mwanamke.

"Mwanamke gani?" Inspekta aliuliza.

"Sikumwona, mama. Nilimsikia kabla sijawasha pampu, na pampu naiwasha saa mbili kamili. Alikuwa anasema, 'Umetoka kwenye njia. Rudi kwenye njia.' Mara ya kwanza karibu na daraja. Kisha akawa anasogea, anapandisha mto, anarudia yale yale. Halafu kimya."

"Alisema kwa hasira?"

"Hapana. Taratibu tu, kama mtu asiyejali utamsikia au la. Nikasema niende nimwambie daraja halipo. Ndipo nikamkuta mzee."

Askari wa zamu walicheka hadi machozi, wakambatiza mlinzi jina la Mume wa Jini. Inspekta hakucheka. Mtu anayetunga uongo wa kujiokoa, aliwaza, hutunga mwanamume mwenye panga anayekimbia. Hatungi mwanamke mpole.

Kitu kingine kilimkera. Saa ya mkononi ya Mwalimu ilikuwepo, pochi ilikuwepo, hata pampu yake nzuri ya upepo ilikuwepo. Kishikio cha simu kwenye usukani hakikuvunjwa; mikanda yake minne ya mpira ilikuwa imefunguliwa mmoja mmoja. Mwizi mwenye haraka angeikata kwa kisu.

Jumatatu mchana alikwenda kwenye karakana ya Fundi, mtengeneza baiskeli na mmoja wa wale watano. Ndani palinuka grisi na mpira uliochomwa. Fundi alimweleza taratibu za chama chao huku akinyoosha rimu. Huko milimani mtandao haushiki, kwa hiyo kila mtu hupakua ramani nyumbani, akaweka simu kwenye hali ya ndege kuokoa betri. Simu hujua ilipo hata bila mtandao. Kila Alhamisi, Katibu wa chama huipita njia ya Jumapili peke yake na kuirekodi. Jumamosi jioni huirusha kwa wenzake, simu kwa simu, hapo hapo karakanani. Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mzito wa mlima, alitangulia saa kumi na mbili. Wengine waliondoka saa moja, wakitarajia kumfikia mbele ya safari.

"Na Katibu Jumapili alikuwa wapi? Naambiwa mlikuwa watano tu."

"Tulipopumzika mlimani alituacha. Alisema anakwenda kumwahi Mwalimu. Tulipofika mtoni akatokea nyuma yetu, anasema alipata pancha, alikuwa kichakani anaziba, tukampita."

Fundi aliiweka rimu chini. "Inspekta, mimi si mtu wa kuchimba watu. Lakini leo asubuhi ameleta baiskeli nioshe mnyororo. Nimegusa tairi zake. Tyubu zote mbili ni zile zile nilizomfungia mwezi jana, na hazina kiraka hata kimoja."

Inspekta aliomba kuiona ile njia. Wengine wote, Fundi alisema, walishaifuta, maana Katibu aliwaomba hivyo kwa heshima ya marehemu. Yeye tu hakuweza. Kioo chake kilipasuka, na kona yenye kitufe cha kufuta ilikufa siku nyingi.

Walikaa na simu ile nusu saa. Njia za mwanzoni mwa mwaka zilikuwa na mstari unaotetemeka. Hapa mtu amekata kona, pale amekwenda kando kujisaidia, kwingine kuna kifundo cha nukta palipo na kivuli cha kupumzika, na kila nukta ina saa yake. Njia za miezi miwili ya mwisho zilinyooka juu ya barabara za ramani, bila kupumzika, bila saa. Ya Jumapili ilivuka mto katikati kabisa ya daraja.

"Ramani yako uliipakua lini?"

"Mwaka jana, daraja bado lipo," alisema Fundi.

Jumanne saa mbili asubuhi Inspekta alishuka mtoni, simu ya Fundi mkononi ikiongoza njia ile ile. Fundi alikuwa amemwambia kwamba Mwalimu, kwa sababu ya macho mabovu, aliendesha kwa kusikiliza, na aliiwekea simu yake sauti ya Kiswahili, kubwa hadi mwisho. Fundi aliiweka hiyo hiyo kwenye yake. Inspekta alisimama kwenye mawe, pale pale alipoangukia Mwalimu. Simu ilinyamaza. Alitembea kupandisha mto, akinung'unikia viatu vyake. Hatua ya hamsini, mwanamke alisema taratibu:

"Umetoka kwenye njia. Rudi kwenye njia."

Alisimama. Kwa hiyo mlinzi hakuota. Mahali alipoanguka Mwalimu ni moja kwa moja chini ya njia iliyochorwa. Simu isingelalamika kama ingebaki pale. Ililalamika kwa sababu kuna mtu aliibeba. Na mlinzi wakati huo alikuwa kibandani, upande wa chini.

Aliendelea hadi pale mlinzi alipomweleza kwamba sauti ilikatika, akawaamuru askari aliokuja nao wageuze mawe. Waliipata simu ya Mwalimu saa nne kasoro, imesukumwa chini ya jiwe bapa, kioo kimepasuka, lakini ikichajiwa inawaka.

Saa tisa alasiri alimkuta Katibu karakanani, mwanamume wa miaka hamsini na saba, safi kuanzia kola hadi kamba za viatu. Alimwomba aketi. Katibu alichelewa kukunja mguu wa kulia, akalishikilia goti kwa mkono.

"Goti lina muda gani?"

"Linasumbua kidogo tu."

"Miezi miwili?"

Katibu aliondoa mkono gotini. Inspekta aliiweka simu ya Mwalimu mezani, kati ya spana na kopo la grisi, akamsomea kilichorekodiwa. Saa moja na dakika ishirini na mbili, imeanguka. Imetulia hadi saa moja na arobaini na sita. Kisha imepandisha mto kwa mwendo wa mtu anayechechemea, hadi saa moja na hamsini na nne, ilipozimwa.

Fundi aliacha kazi. Katibu aliitazama ile simu, na maneno yakaanza kumtoka polepole. Kwa ajili ya goti, daktari alimruhusu kupanda baiskeli mara moja tu kwa wiki. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyewapa watu njia. Bila hilo, alisema, angekuwa nani pale? Akawa anazichora kwenye meza ya chakula, nyumbani. Mlimani, Jumapili, mkulima mmoja alimwambia daraja lilikwenda na maji, naye akakanyaga pedali hadi goti likalia. Alikuta ameshachelewa. Akaogopa ile njia isionekane kwenye simu ya mzee.

"Daktari wetu anasema mzee alivuja damu zaidi ya nusu saa," alisema Inspekta. "Ulipofika alikuwa hai. Kibanda cha mlinzi kilikuwa hatua mia tu, na kuna pikipiki. Alikuambia kitu?"

"Aliniuliza kama nilipita hapa Alhamisi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nilipita."

Fundi aligeuka akatazama ukutani. Inspekta aliandika jibu hilo neno kwa neno, akampa Katibu alisome na kutia sahihi. Ilimchukua muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote.

Mlinzi alitolewa saa kumi na moja jioni. Mkewe aliinuka kwenye benchi kwa shida, akamkagua uso, akamfunga kifungo cha shati alilopewa kituoni. Mlangoni mlinzi aligeuka, na askari wa zamu wakajifanya wana kazi nyingi.

"Na yule mwanamke, mama? Mlimpata?"

"Tulimpata," alisema Inspekta. "Ndiye aliyetoa ushahidi."

Mlinzi alitikisa kichwa kukubali. Kisha akawaeleza askari, mmoja mmoja, kwamba yeye aliwaambia tangu Jumapili.