Choo Kilichofukiwa Karibu na Kisima

Kila asubuhi Raihana na rafiki yake Pretty walikwenda pamoja kuteka maji kwenye kisima cha pampu cha kijiji chao huko Kitswamba. Walitwishana jerikeni, wakarudi wakipiga soga. Raihana hakuwa na ndugu. Baba yake aliendesha lori na mama yake alishinda sokoni Bwera, kwa hiyo Pretty ndiye aliyekuwa dada yake.

Mwaka huo homa ya matumbo iliwalaza watoto wengi. Injinia Sylivia akaja kutoka mjini Kasese na kompyuta yake ili kuchunguza maji ya kisima.

“Maji ya chini ya ardhi yanatembea,” aliwaeleza wanakijiji. “Kompyuta itaiga mwendo wake, tujue yanafika kisimani yakitokea wapi. Tutachora ramani, na ndani ya eneo hilo hatutachimba choo wala kutupa taka. Lakini mniambie ukweli. Vyoo viko wapi, hata vya zamani?”

Mama Pretty, aliyeuza chapati na maharagwe katika kibanda karibu na kisima, alijibu haraka, “Hapa kwangu hakujawahi kuwa na choo, madamu.”

Raihana alishtuka. Alijua kibanda kile kilijengwa juu ya choo kilichojaa. Pretty alimtazama kwa macho ya kumsihi anyamaze. Raihana akawakumbuka wenzao waliokuwa wamelazwa.

“Kipo, anti,” alisema kwa sauti ndogo. “Kilifukiwa chini ya kibanda.”

Tangu siku hiyo Pretty hakumsemesha. Kisimani wasichana walinyamaza kila alipofika. Shuleni alikula peke yake, na jioni alikaa mlangoni akiwasikiliza wenzake wakiruka kamba.

“Mama, ilifaa ninyamaze tu?” aliuliza.

“Inauma, mwanangu. Najua,” mama alisema, akamkumbatia.

Hatimaye Sylivia alirudi na ramani. Eneo la kulindwa halikuwa duara. Lilirefuka kuelekea milimani, maji yalikotokea, na kibanda cha Mama Pretty kilikuwa ndani yake. Vipimo navyo vilionyesha maji yana vijidudu.

“Kompyuta haijui tusichoiambia,” Sylivia alisema. “Bila kauli ya binti huyu, ramani ingetudanganya.”

Kisima kilifungwa kwa muda. Kibanda kikabomolewa, uchafu wa choo ukazolewa na shimo likazibwa. Wanakijiji wakamjengea Mama Pretty kibanda kingine upande wa chini wa barabara, nje ya eneo lile.

Maji yalipopimwa tena na kuonekana safi, Mama Pretty alimwita Raihana. Pretty alikuwa ameketi kwenye benchi, ameinamisha kichwa.

“Nilikukasirikia kwa sababu niliogopa kupoteza kibanda,” Mama Pretty alisema. “Kumbe hata mwanangu alikuwa anakunywa uchafu ule! Raihana, anayesema kweli anaweza kuachwa peke yake. Wewe uliachwa, na hukugeuza neno. Sisi wakubwa ndio tuliopaswa kusimama nawe. Utusamehe.”

Pretty alisogea kando kwenye benchi, akampisha Raihana aketi.